"Naomba unijibu kwa heshima": kielezi kimoja na mahali pake

Haya ni mazungumzo yangu na wahazili na makarani vijana mjini Morogoro, katika juma la Siku ya Kiswahili Duniani. Nimeyaandika upya kutoka kwenye vidokezo vyangu. Mahali nilipopiga chuku ukumbini, hapa nimepunguza kidogo.

Mgeni rasmi, wazee wa meza kuu, wahazili wenzangu wastaafu mliokuja na miwani zenu, makarani, vijana wa masijala, na wewe kijana wa mitambo uliyenishushia kipaza sauti bila kusema kwamba mimi ni mfupi: habari za asubuhi. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimezipokea tangu getini. Marahaba.

Nimewataja kundi kwa kundi kwa makusudi. Ningeweza kupita njia ya mkato, kama tunavyofanya siku hizi, niseme "itifaki imezingatiwa," nikae zangu kwenye hoja. Lakini hebu yasikilizeni maneno yale. Itifaki imezingatiwa na nani? Lini? Mzee amefunga safari tangu saa kumi na moja alfajiri, amevaa koti lake la arusi, anasubiri atajwe. Anaambiwa heshima yake imeshatolewa, ila hakuiona ikipita. Ndiyo maana nimeomba leo tuzungumzie kielezi kimoja tu. Nimeombwa niseme juu ya "uandishi wa kisasa wa barua." Hayo ya kisasa mnayajua kuliko mimi. Mimi nataka kuzungumzia "kwa heshima."

Nimepiga taipu miaka 31. Nimeanza na mashine ambayo ukikosea herufi moja unakosea nakala nne, maana karatasi za kaboni zilikuwa zimepangana chini yake kama chapati. Nimemaliza na kompyuta ambayo inakosea yenyewe. Katikati ya hapo nimeandika "kwa heshima" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Na mara ya kwanza nilipoiandika kwa shida yangu mwenyewe, niliiandika vibaya.

Nilikuwa mgeni kazini. Nilikuwa naomba nauli ya likizo, barua imekaa wiki tatu bila jibu. Nikaandika ya pili. Nikaanza vizuri: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Nikaeleza. Nikafunga kwa sentensi ambayo niliona imesimama kama askari wa gwaride: "Naomba unijibu kwa heshima."

Bosi akaniita. Mtu mzima, mpole, sauti yake haikuwahi kupita mlango. Akaniwekea barua mezani, akaniuliza: "Binti, kwani mimi huwa nakujibu kwa matusi?"

Sikuelewa. Nikadhani nimeongeza neno la adabu. Akachukua kalamu nyekundu, akazungushia yale maneno mawili ya mwisho, akavuta mshale kuyarudisha nyuma, akayaweka mbele ya "unijibu." Naomba kwa heshima unijibu. Akanirudishia nikapige upya. Nauli nilipata, lakini kwa siku mbili sikuweza kumtazama usoni.

Tuandike pale ubaoni, tuone. *Naomba kwa heshima unijibu*: heshima ni yangu, imekaa kwenye kuomba. *Kwa heshima, naomba unijibu*: heshima imetangulia, imefunika sentensi nzima, kama mtu anayevua kofia kabla hajasema lolote. *Naomba unijibu kwa heshima*: hapa sasa heshima nimemwagiza yeye. Nimemwambia, kwa adabu kabisa, kwamba namshuku. Maneno ni yale yale, hayakuongezeka wala kupungua. Kielezi kimehama nyumba tu.

Walimu wetu walitufundisha kwamba kielezi hueleza kitenzi: jambo limetendekaje, wapi, lini, mara ngapi. Tukakariri, tukafaulu, tukasahau. Lakini maana yake kwa mtu wa barua ni hii: kielezi hakiwezi kusimama peke yake, lazima kiegemee kitenzi. Kwa hiyo ukiona "kwa heshima" kwenye barua, usiitazame yenyewe. Tazama kitenzi inachokiegemea. Uliza: nani anatenda, na anatenda nini? Nimeona barua imeandikwa "Kwa heshima, unatakiwa kuhama ndani ya siku saba." Heshima imeegemea wapi hapo? Kwenye "unatakiwa"? Hakuna hata mtu pale, hujui nani anayetaka. Heshima inaning'inia hewani kama shati kwenye kamba iliyokatika.

Kabla sijaendelea, niseme la tahajia nisije nikalisahau. "Kwa heshima" ni maneno mawili. "Kwaheri" ya kuagana ni neno moja, imeshaungana kwa kutumika sana. Ila ukisema "tutalimaliza kwa heri au kwa shari," pale ni mawili tena. Sasa naona vijana wanaandika "kwaheshima" wakifuata mfano wa kwaheri. Hapana. Bado hazijaoana hizo.

Turudi kwenye neno lenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. *Heshima* imetoka kwenye Kiarabu, *hishma*. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakisema na kuandika *hishima*. Na huko kwenye Kiarabu maana yake ya msingi ni kuona haya. Staha. Ule mzuio ulio ndani ya mtu unaomfanya ajisitiri, apunguze sauti, asikodoe macho. Mwarabu akitaka kusema hii heshima ya kumtukuza mtu hutumia neno jingine, *ihtiramu*. Sisi tulichukua lile la haya, tukalibebesha mzigo wote.

Na mkitega sikio, ile haya bado imo. Tunasema "mavazi ya heshima." Hayo si mavazi yanayomsifu mtu mwingine, ni mavazi yanayokusitiri wewe. Tunasema "mtu anayejiheshimu," maana yake anajizuia. Tunasema "kuvunja heshima," "kumvunjia mtu heshima," "kujivunjia heshima." Kwetu heshima ni kitu kama chungu. Huwa inavunjika, na mara nyingi anayeivunja ni yule aliyekuwa ameibeba.

Kwa hiyo ninapoandika "naomba kwa heshima," sijasema lolote juu ya ukubwa wako wewe unayesoma. Nimesema habari yangu. Nimesema: nina haja, ningeweza kupiga kelele, nimejizuia.

Sasa mwenzake. "Kwa heshima na taadhima." Hili tunalitamka kama jina la mtu na ubini wake, tukidhani taadhima ni heshima nyingine ya akiba. Taadhima ni ndugu wa *adhimu*, wa *adhama*, wa *maadhimisho* haya yaliyotukutanisha. Shina lake ni ukubwa. Kutoa taadhima ni kumfanya yule mwingine mkubwa, kumwinua. Heshima inanirudisha mimi nyuma hatua moja. Taadhima inampandisha yeye ngazi moja. Ukiyaweka pamoja umefanya kazi mbili, na umbali kati yenu umekuwa wa hatua mbili. Je, barua ya kuomba rimu tatu za karatasi kutoka stoo inahitaji umbali huo? Nimeziona barua hizo. "Kwa heshima na taadhima naomba rimu tatu." Mwenye stoo mwenyewe, niliyemfahamu, alikuwa akisoma hivyo anacheka, anatoa mbili.

Taadhima ina nyumbani kwake, nayo ni barua ya posa. Wangapi hapa mmeandikia kaka zenu barua ya posa? Nyosheni mikono, msione haya. Mnaona, ndiyo kazi yetu ya pili sisi wahazili, mtaa mzima unakuletea. Bahasha nzuri, ndani karatasi isiyo na mistari, kishika uchumba kimekunjwa kwenye leso, mshenga ameshapatikana. Na sentensi ya kwanza ni ile ile tangu nilipopata akili: "Sisi familia ya fulani, kwa heshima na taadhima, tunaleta kwenu ombi letu." Hapo taadhima haina chumvi hata punje. Unaomba mtoto wa watu. Wale waliomlea ni wakubwa kwako siku hiyo hata kama ninyi mna magari matatu na wao wana baiskeli. Ndiyo maana mshenga hukaa kwenye kiti cha chini bila kuambiwa.

Na angalieni jibu linapotoka upande wa mke. Barua zote nilizopata kupigia taipu, upande wa mke wanajibu "kwa heshima" peke yake. Wanaorodhesha mahari, mkaja wa mama, kilemba cha babu, blanketi la bibi, kwa heshima. Taadhima hawairudishi. Sijui nani aliwafundisha, hakuna kitabu kinachosema hivyo, lakini wanajua. Aliyepandishwa ngazi hana haja ya kumpandisha aliyempandisha.

Wazee wetu waliokuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu walikuwa na mambo hayo zaidi yetu. Barua za zamani za pwani zilifunguliwa kwa msururu wa sifa za anayepelekewa: *ila jenabi*, yaani "kwa mtukufu", kisha jina lake, kisha *al-muhibbu, al-akramu, al-ahshamu*. Hiyo *ahshamu* ni heshima yetu ile ile, shina moja, imevaa kilemba. Baada ya msururu, ndipo unaarifu: mie hali yangu njema, na yaliyobaki ni kadha wa kadha. Unaweza kukuta sifa zimechukua nusu ya karatasi na shida yenyewe mistari miwili. Hatuwezi kurudi huko, masijala zingejaa. Lakini walijua jambo moja: msomaji akishasoma sifa zake, shida anaisoma akiwa ametulia.

Halafu tukapita kipindi cha kinyume chake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno lililotawala lilikuwa "Ndugu." Ndugu Mkurugenzi, ndugu dereva, ndugu mwananchi. Barua tulizifunga kwa "Wako katika ujenzi wa Taifa." Bosi wangu yule wa kalamu nyekundu alikuwa mtu wa kipindi hicho mpaka mifupani. Akiona taadhima kwenye barua ya ofisi anaikata. "Sote ndugu," anasema, "heshima inatosha." Kisha miaka ya 1990 ikaja, vyama vikawa vingi, na "Mheshimiwa" akarudi kwa kishindo. Leo hata mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama tisa ni mheshimiwa. Sina ugomvi na cheo hicho. Ugomvi wangu ni kwamba vyeo vya heshima vilipoongezeka, viti vya kukalia wananchi kwenye korido zetu havikuongezeka.

Niwape tofauti nyingine, nipite haraka. Ukiongeza "ya," maana inageuka. "Kwa heshima" ni namna. "Kwa heshima ya" ni sababu au ni kwa ajili ya nani. "Tusimame dakika moja kwa heshima ya marehemu." "Dhifa kwa heshima ya wageni." Na "nimenyamaza kwa heshima yako" maana yake ni kwamba isingekuwa wewe, ningesema. Hiyo ya mwisho ichungeni, ina meno. Ukiiweka kwenye wingi, "kwa heshima zote," ni ile ya mazishi ya kijeshi: bendera, mizinga, gwaride. Hapo heshima zinahesabika kweli.

Lakini kuna "kwa heshima zote" nyingine, na wengine husema "pamoja na heshima zote." Hii mnaijua. Mtu anasimama kikaoni, anavuta pumzi, anasema: "Mwenyekiti, kwa heshima zote…" Mkono wako unaanza kutafuta meza ya kushikilia, kwa sababu kinachofuata ni kofi. Hiyo haikuzaliwa kwetu. Imetoka kwenye Kiingereza cha vikao na cha mahakamani, ambako mawakili wana ngazi zake: kwa heshima, kwa heshima kubwa, kwa heshima kubwa kabisa, na kila ngazi inapopanda, ujue anayeambiwa amekosea zaidi. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, jambo ambalo mimi nalishangilia, lakini naona ngazi nazo zimeingia na mizigo yake.

Kiswahili kilikuwa na njia yake ya kumpinga mkubwa. "Umesema kweli mzee, ila nina swali dogo." Swali lenyewe si dogo, linabomoa nyumba, lakini limeingia kwa kubisha hodi. Au "samahani, nakukata kauli." Au "kunradhi." Ona kwamba katika hizo zote msemaji anaomba ruhusa *kabla*, na akinyimwa atanyamaza. Yule wa "kwa heshima zote" haombi chochote. Ametoa kodi ya mlango, sasa anaingia na ng'ombe wake.

Tuje sasa kwenye dirisha, kwenye kaunta, maana barua zinapungua na watu hawapungui.

Nikisema ukweli, mtaani hakuna anayesema "kwa heshima." Hakuna aliyewahi kuingia dukani akasema "kwa heshima nipe sukari robo." Lakini heshima imo, imejificha kwenye kitenzi. Anasema "naomba sukari robo." Ana hela mkononi, haombi kitu, ananunua, bado anaomba. Nilikuwa na rafiki kutoka Nairobi aliyekuja kukaa kwangu wiki moja, akawa ananicheka: "Mbona mnaomba na pesa mnazo?" Yeye alikuwa akisema "nipe," bila ubaya wowote moyoni, na muuza genge wangu alikuwa akimhudumia huku amenuna. Siku ya nne nikamwambia siri. Siku ya tano akasema "naomba nyanya," akaongezewa moja.

Na nyumbani je? Kumbukeni mama zenu. Mtoto akijibu mkubwa kwa ukali, mama hasemi "jibu kwa heshima." Anasema: "Jibu vizuri!" Hicho hapo. Kielezi cha heshima kilichokulea wewe kuliko vyote ni "vizuri." Sema na bibi vizuri. Mpokee mgeni vizuri. Kaa vizuri. Kabla hujajua heshima inaandikwaje ulikuwa unajua "vizuri" ni nini, na ulijua hata bila kuelezwa, kwa jicho tu.

Kuna na "kwa adabu," ambayo si sawa na "kwa heshima," msizichanganye kwenye barua. Adabu tunaidai kutoka kwa mdogo. "Kaa kwa adabu!" humwambii baba mkwe. Na adabu ina fimbo ndani yake: tunasema kumtia mtu adabu, kumshikisha adabu. Hakuna anayesema kumtia mtu heshima. Kwa hiyo ukimwandikia mwananchi "unaombwa kufika ofisini kwa adabu," umemrudisha darasa la pili. Nimeiona hiyo kwenye tangazo ukutani. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Nanyi pia."

Nataka niwasimulie na neno ambalo linapotea, nanyi msiposhika nyinyi hakuna wa kulishika. *Hashakum.* Wazee husema "hashakum si matusi." Asili yake ni Kiarabu, kama kusema: liwe mbali nanyi hili ninalotaka kulitaja. Mtu analisema anapolazimika kutaja kitu kisichotajika mbele za watu. Mzee mmoja alikuja dirishani kwangu, kofia mkononi, akasimama kimya kidogo. Akasema: "Mwanangu, hashakum si matusi, choo cha jirani kimefurika, na vilivyomo vinapita mlangoni kwangu."

Kijana niliyekuwa namfundisha kazi alicheka. Alicheka neno, si shida. Mzee akafunga mdomo, akawa hataki tena kuendelea. Ikabidi nitoke nje ya dirisha, nizunguke, nimkalishe kwenye benchi, nianze upya na shikamoo. Tukaandika barua pamoja. Kwenye barua tuliandika "majitaka." Mzee akaniuliza kama hiyo inatosha, kama wakubwa wataelewa. Nikamwambia wataelewa. Akafikiri, akasema: "Basi weka na lile neno langu pale mwanzo." Sikuweza, barua rasmi haina mahali pa hashakum. Niliweka "kwa heshima." Nikamsomea. Akasema si sawa, lakini iende.

Alikuwa na haki. Hashakum inamfikiria anayesikia: masikio yako, meza yako, chakula ulichokula asubuhi. "Kwa heshima" yangu ilikuwa imemfikiria msomaji wa ofisi. Tangu siku ile, nikiandika kielezi hiki huwa najiuliza nimekipata kwa mzee gani, na nini kimepotea njiani.

Basi na mimi nina la kuungama. Barua ya yule mzee ilikaa kwenye jalada miezi. Ilikuwa na kila kitu: Kumb. Na., tarehe, "kwa heshima," sahihi ya dole gumba. Ilipita kwa dokezo, yaani maelezo mafupi ya ofisini, ikarudi kwa dokezo. Sikuifuatilia vya kutosha, nilijiona nimemaliza kazi yangu kwa kuiandika vizuri. Aliporudi mara ya pili hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Nimekuja kukuamkia." Wenye kuelewa Kiswahili mmeshaelewa alichosema.

Kuna msemo upo kwenye kanga nyingi, *heshima si utumwa.* Vijana mnaogopa hilo, najua. Mnaogopa kwamba ukiandika "naomba kwa heshima" umejidhalilisha. Tofautisheni heshima na unyonge. Barua ya unyonge hii hapa, niliipokea mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu, ya kijana anayeomba kazi: "Mimi niliye mdogo kuliko wote nakuomba kwa heshima na taadhima na unyenyekevu mkubwa sana unifikirie, nitashukuru hata ukinikataa." Cheti chake kilikuwa kizuri kuliko cha aliyekuwa anaisoma! Alipaswa kuandika mstari mmoja: "Naomba kwa heshima nafasi ya kazi iliyotangazwa." Kisha aseme anajua nini. Kielezi kimoja, kitenzi kimoja, kisha kazi. Ukiweka vielezi vitatu juu ya kitenzi kimoja, kitenzi kinapiga magoti.

Na mkubwa akimwandikia mdogo? Hapo ndipo pagumu, na hapo ndipo sisi wahazili tunaweza kusaidia, kwa sababu mkubwa husema "mjibu yule, mwambie haiwezekani," anaenda zake kwenye kikao. Sasa wewe unabaki na "haiwezekani" mkononi. Ukiandika "Ombi lako limekataliwa," ni kweli. Ukiandika "Kwa heshima, ombi lako limekataliwa," ni lile lile na ua juu yake. Heshima katika barua ya kukataa haikai kwenye kielezi. Inakaa kwenye kumtajia sababu, na kumwambia akitaka kukata rufaa aende wapi, kabla ya tarehe gani, na kuandika jina lake bila kulikosea. Nimeona mama amerudisha barua kwa sababu moja tu, jina la ukoo wa mumewe lilikuwa limekosewa herufi. Hakuwa na neno na kukataliwa kwake.

Muda wangu naona mwenyekiti ananionyesha vidole viwili, sijui ni dakika mbili au ni ushindi. Nitatii.

Kila mmoja wenu ana bahasha mezani. Msifungue bado, wewe wa pale nyuma, nimekuona. Ndani kuna barua ya kubuni. Mzee wa miaka 70 anaomba kujua kwa nini kiwanja chake kimepimwa mara mbili na kila mara kimepungua. Ameandika kwa mkono, ameandika "kwa heshima na taadhima," na mahali fulani ameandika sentensi ambayo kielezi chake kimekaa vibaya kama kile changu. Itafuteni hiyo kwanza. Kisha mjibuni. Jibu lisizidi ukurasa mmoja, na mahali popote utakapoandika "kwa heshima," pigia mstari kitenzi chake ili tukikague pamoja. Mnayo nusu saa. Chai iko nyuma, maandazi ni mawili kila mtu, na wastaafu watangulie.